Keki Ambayo Sikuoka

19 Septemba

Leo nilipaswa kurudi nyumbani nikaoke keki. Sikuoka. Nimekaa mezani na hili daftari alilonipa mume wangu Ejnar Krismasi iliyopita, ambalo nilimwambia usoni kwamba sitaliandika hata siku moja.

Sheria ya keki katika wadi yetu ya mahututi ni ya zamani kuliko mimi, na mimi nina miaka ishirini na tisa mle ndani. Ukikosea, unaoka. Umemwita daktari bingwa kwa jina la mbwa wake, unaoka. Umevunja ampuli ya dawa, umechelewesha antibiotiki saa nzima, umempigia simu mke wa kwanza wa mgonjwa badala ya mke wa sasa, unaoka. Unaileta kabla ya saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi na ya jioni zinapokutana kwenye kahawa, unasimulia kosa lako kabla kisu hakijagusa keki, watu wanacheka, wanakula, yamekwisha.

Kosa langu la leo halichekeshi. Saa tisa kamili, watu wanakabidhiana zamu, sirinji ya noradrenalini ya kitanda cha nne ikakaribia kwisha. Hiyo ndiyo dawa inayoshikilia presha ya mtu asiyeweza kuishikilia mwenyewe. Ikikatika, presha inaanguka, ikizidi, inapaa. Tangu Agosti famasia inatuletea sirinji zilizojazwa tayari, na nguvu yake ni maradufu ya ile tuliyokuwa tukichanganya wenyewe. Lebo ni ileile ya zambarau. Na pampu, ukishaweka sirinji, inakuonyesha kwanza nguvu ya zamani. Ile mpya iko ukurasa wa pili. Kidole changu kikabonyeza kilichozoea kubonyeza. Presha ikapanda hadi 190, alamu ikalia, nikaona, nikarekebisha. Haikutimia dakika mbili. Mgonjwa, fundi wa mapaa wa miaka arobaini, hakudhurika.

Tunatakiwa kuwa wawili kila tunapobadilisha sirinji hiyo, mmoja asome, wa pili athibitishe kwa macho kisha atie saini. Saa tisa hakuna anayefanya hivyo. Mwenzako anasimama mlangoni na koti lake begani, anauliza "Iko sawa?", unasema iko sawa, anasaini. Saini ya mlangoni, ndivyo tunavyoiita. Ukisogea karibu kuangalia kweli, ni kama umemtukana mtu mbele za watu.

Fomu ya tukio sikujaza. Mimi ndiye ninayewafundisha wengine kutumia pampu. Basi.

23 Septemba

Keki ya nazi kutoka kwa Asger. Alimwosha mgonjwa nywele kwa losheni ya miguu. Alisimulia kwa mikono na mabega mpaka watu wakashika mbavu. Miaka kumi na moja tuko naye na sijawahi kumpenda. Kila kitu kwake ni mzaha, na kila siku saa tisa kasoro dakika moja ameshavaa koti.

30 Septemba

Upepo wa magharibi. Baiskeli nimeisukuma kwa miguu toka darajani.

4 Oktoba

Vibeke, muuguzi mkuu wetu, kabandika jedwali ukutani kwenye chumba cha kahawa. Makosa ya dawa yaliyoripotiwa kwa fomu katika miezi mitatu: matatu. Eti hakuna wadi iliyo chini yetu mkoa mzima.

"Hii ni kazi yenu," akasema. Sauti ilimtetemeka kwa furaha. Nilisoma naye uuguzi, tulilala chumba kimoja bwenini, namjua anavyofurahi.

Asger akafungua mlango wa kabati la vikombe. Kwa ndani kuna karatasi, kumbe amekuwa akiandika keki zote tangu Julai, nani, lini, kwa kosa gani.

"Mimi hapa ninazo kumi na tisa, bosi," akasema. "Ama fomu zinadanganya, ama tunakula sana."

Watu wakacheka. Vibeke naye akacheka, akafunga kabati. Mimi nilisimama pale na kikombe changu nikifikiri kwamba kweli ni ishirini, na ya ishirini haimo kwenye fomu wala kwenye kabati.

11 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya.

17 Oktoba

Nimempitisha Solvej kwenye pampu upya, kwa sababu mafunzo ni lazima kila mwaka. Ana miaka thelathini na tatu, ana binti wa darasa la pili, na mkataba wake ni wa muda: unakwisha Desemba thelathini na moja. Ni muuguzi mzuri. Husoma maelekezo mpaka mwisho, jambo ambalo sisi wazee tuliliacha zamani.

"Bodil, kwa nini nguvu ya zamani ndiyo inatangulia? Si hatuitumii tena?"

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Hakuna mtu aliyewahi kukosea?"

Pale pale. Nilikuwa na nafasi pale pale, mlango umefungwa, sisi wawili tu. Nikamwambia, "Shuka ukurasa wa pili, na uwe makini." Akaandika kwenye kijitabu chake: uwe makini. Nimekuwa nikijisikia vibaya tangu hapo, na kujisikia vibaya hakujamsaidia mtu.

28 Oktoba

Naandika yote, kwa mpangilio, kabla akili haijaanza kunipambia.

Kitanda cha pili alikuwa Bi Hald. Miaka sabini na moja, alikuwa posta, alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne katika vijiji vyote vya upande huu wa rasi ya Jutland. Jana walimshona mshipa mkubwa wa tumboni uliokuwa umevimba. Asubuhi alikuwa macho, bado dhaifu, bado kwenye noradrenalini, akaniambia kahawa yetu inanuka kama gunia. Nikampenda.

Saa tisa nilimkabidhi kwa Solvej, sirinji ikiwa karibu kubadilishwa, nikaenda kwenye chumba cha kahawa. Kulikuwa na keki ya tufaha, ya nani sikumbuki. Nilikuwa nimekata kipande niliposikia alamu, ikanyamazishwa, nikala. Ikalia tena, ikanyamazishwa. Mara ya tatu nikaangalia saa ya ukutani. Saa tisa na dakika kumi na moja. Nikajua. Sikukisia, nilijua, kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba yake.

Nilikimbia. Presha ilikuwa 238. Solvej alikuwa ameinama juu ya Bi Hald akimtuliza, amedhani ni maumivu ya kidonda, ameshampa dawa ya maumivu. Yeyote angedhani hivyo, saa moja tu baada ya kumgeuza mgonjwa. Sikumwuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pampu, ukurasa wa pili, nikabadilisha. Presha ikaanza kushuka. Lakini tumbo lilikuwa tayari limeanza kujaa na kuwa gumu, na uso wa Bi Hald ukawa mweupe kama shuka aliyolalia.

Daktari alifika, wakamkimbiza thieta. Solvej alikwenda naye amemshika mkono. Mshono ulikuwa umeachia. Wameshona tena, yu hai, lakini amepoteza damu nyingi na figo zimegoma.

Saini ya pili kwenye chati ni ya Asger. Ya mlangoni. Alikuwa bado kwenye maegesho aliposikia, akarudi na koti lake mwilini. Tulisimama mbele ya kitanda kitupu. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Bodil," akasema. "Ulijuaje upesi vile?"

Nikamwambia uzoefu. Nilisema neno hilo, uzoefu, nikaokota maganda ya plastiki ya sirinji sakafuni ili nisimwangalie.

29 Oktoba

Figo bado. Ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

2 Novemba

Nilimweleza Ejnar yote wakati anamenya viazi. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha maziwa mpaka alipostaafu. Hakuinua macho.

"Kiwandani kwetu mtu alimwaga maziwa yenye krimu kwenye tangi la yasiyo na krimu. Lita elfu nane. Meneja akamfokea. Mwezi uliofuata mwingine akamwaga. Akafokewa naye. Wa tatu nilikuwa mimi."

"Wakakufokea?"

"Walifokea. Halafu nikachukua msumeno nikakata bomba moja, nikalifunga upande wa pili. Hakuna aliyemwaga tena." Akatupa kiazi kwenye maji. "Lakini bibie, ningelikata baada ya yule wa kwanza kama angeniambia. Alificha. Aliona haya."

Sikula viazi. Nilimwambia nimeshiba, akajua si kweli, akanyamaza. Ndiyo sababu nimekaa naye miaka thelathini.

6 Novemba

Vibeke kaniita ofisini. Amefunga mlango, jambo ambalo hafanyi.

Solvej atapewa barua ya onyo. Maandishi yapo tayari: muuguzi hakuwa makini wakati wa kubadilisha dawa. Kwa barua hiyo mkataba wake hautaongezwa, kila mtu anajua.

"Na Asger aliyesaini?" nikauliza.

"Asger ni mwajiriwa wa kudumu. Ataongea na mimi."

"Na sirinji?"

"Sirinji hazina tatizo. Wadi kumi zinazitumia."

"Vibeke. Lebo moja, nguvu mbili, na pampu inaanza na nguvu ambayo hatuna hata rafuni. Hilo si tatizo?"

Akavua miwani. Bila miwani anarudi kuwa yule msichana wa bwenini aliyekuwa akilia kabla ya kila mtihani. "Nikiandika kwamba ni sirinji," akasema taratibu, "wataniuliza nani alizipokea bila kubadilisha pampu. Nilizipokea mimi. Nilitaka mpumzike kuchanganya. Mlikuwa mnalalamika vifundo vya mikono, unakumbuka? Wewe ndiye uliyelalamika zaidi."

Ni kweli. Nililalamika zaidi ya wote.

"Kwa hiyo alipe Solvej," nikasema.

"Bodil, mwaka huu kuna mipango ya kufunga vitanda. Niache nipite."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimejificha nyuma ya nguruwe huyohuyo. Nikatoka.

7 Novemba

Keki zimepigwa marufuku. Tangazo ukutani: si desturi inayoendana na usalama wa mgonjwa.

8 Novemba

Asger kaleta mkate mweusi mkavu, kauweka katikati ya meza, kasema hii si keki. Akasimulia: "Tarehe ishirini na nane nilisaini nikiwa mlangoni. Sikuangalia pampu. Nilikuwa nawahi kukata nywele." Hakuna aliyecheka. Tulikula ule mkate wote bila siagi, na ulikuwa mgumu, na nadhani ndicho chakula cha kwanza cha heshima tulichokula kwenye meza ile. Kumbe miaka kumi na moja nimemwangalia mtu huyu bila kumwona.

Kwenye chakula kile kulikuwa na nafasi yangu. Niliiona ikipita.

14 Novemba

Baridi imeingia. Saa kumi giza.

20 Novemba

Bi Hald amehamishiwa wadi ya figo, orofa ya tatu. Nilipanda kumwona baada ya zamu. Amekonda, ngozi ya mikono imebaki kama karatasi, lakini ulimi ni uleule.

"Wewe ni yule wa kahawa ya gunia," akasema.

"Ndimi."

"Huku ni mbaya zaidi. Na nimeruhusiwa vikombe viwili tu kwa siku, maji yote yanapimwa. Hebu fikiria, mtu aliyekunywa kahawa jikoni kwa watu mia tatu akipeleka barua." Akaangalia mikono yake. "Mara tatu kwa wiki kwenye mashine. Daktari anasema huenda ndiyo maisha. Walinieleza kwamba msichana yule alikosea kipimo. Amekuja hapa mara mbili, analia tu. Mwambie asije tena kama ni kulia, nachoka."

Nilimwekea mto vizuri. Nimekuwa bingwa wa kuweka mito.

26 Novemba

Mficha uchi hazai. Mama yangu hakuijua methali hiyo, lakini kila niliporudi na soksi zilizotoboka nikizificha chini ya kitanda alikuwa akinivuta sikio akisema kitu cha namna hiyo hiyo. Kikao cha Solvej ni tarehe tatu. Ameniomba niketi naye kama mwenzake. Ameniomba mimi.

27 Novemba

Nilimwambia Solvej kwanza. Nilimfuata nyumbani kwake, binti yake alikuwa kwenye mazoezi ya kuogelea. Nilisema nikiwa nimesimama, sikuvua hata viatu. Tarehe kumi na tisa Septemba, kitanda cha nne, ukurasa wa kwanza.

Akavuta kiti akaketi.

"Septemba," akasema.

"Septemba."

"Nilikuuliza, Bodil. Nilikuuliza kama kuna mtu aliyewahi kukosea."

"Ulikuuliza ndiyo… uliniuliza. Ndiyo."

Hata mdomo ulinigomea, nimeandika hivyo hivyo nilivyosema.

"Ukaniambia niwe makini." Akacheka, kicheko kibaya. "Mwezi mzima silali. Nilienda kutafuta kazi ya dukani. Nilifikiri nina kasoro kichwani, kwamba mikono yangu ni ya kuua watu. Na wewe ulikuwa unaniletea supu."

Kweli nilimpelekea supu, mara mbili.

"Nitalisema kwenye kikao," nikasema.

"Sema. Usiniombe nikushukuru."

"Sikuombi."

"Na toka, tafadhali. Kabla mtoto hajarudi."

Nikatoka. Njiani theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, laini, ya kuyeyuka. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hasira yangu ilikuwa imeelekea mahali pake. Alikuwa na haki ya kila neno. Lakini sasa hakuna anayeweza kunitisha, kwa sababu mtu niliyekuwa nikimwogopa zaidi ameshanifukuza nyumbani kwake.

3 Desemba

Kikao. Vibeke, bwana mmoja wa utumishi mwenye kompyuta, Solvej, mimi. Solvej hakunisalimia, lakini alinisogezea kiti.

Vibeke alisoma barua. Alipofika kwenye "hakuwa makini" nikainua mkono kama mwanafunzi, nikaushusha, nikaongea tu.

"Tarehe kumi na tisa Septemba nilifanya kosa hilihili. Sirinji ileile, pampu ileile, saa ileile. Nina miaka ishirini na tisa kwenye wadi hii na mimi ndiye ninayefundisha pampu. Kama ni umakini, basi mimi ndiye mliyenichagua kufundisha umakini. Sikujaza fomu."

Bwana wa utumishi akaacha kuandika. Vibeke akafumba macho.

"Bodil," akasema, "nitajifanya sikusikia hilo."

"Basi narudia. Tarehe kumi na tisa Septemba…"

"Nimesikia."

"Yeye naye ameandika?" Nikamgeukia yule bwana. "Andika, baba. Saa tisa alasiri. Kitanda cha nne."

"Unaelewa kwamba huna kinga?" Vibeke akasema. Sauti ilikuwa ya kunionea huruma, na ndiyo iliyonikera. "Anayejiripoti kwa fomu kwa wakati wake analindwa. Wewe unakuja baada ya miezi miwili na nusu, mgonjwa ameshaumia. Unaelewa hilo linaonekanaje?"

"Linaonekana kama lilivyo."

"Miaka ishirini na tisa, Bodil."

"Ndiyo. Kwa hiyo najua ninachosema. Ukimwandikia Solvej onyo, niandikie na mimi, uyapige mhuri siku hiyohiyo. Na usipoondoa sirinji zile, andaa karatasi nyingi, maana sisi ndio wawili unaowajua."

Kikao kikaahirishwa. Kwenye korido Solvej alitembea mbele yangu, kisha akasimama mlangoni akaushika usifunge. Alisubiri nipite.

4 Desemba

Nilifika kwenye kahawa ya saa tisa bila keki na bila mkate. Nilisema yote, nikiwa nimesimama. Zamu mbili, watu kumi na wawili. Niliwaambia sheria yetu ya keki ninaipenda, lakini tumeitumia kucheka yale madogo ili yale makubwa yasipate mahali pa kukaa. Kosa lisilomuumiza mtu lina keki, lina hadithi, lina vicheko. Kosa linaloweza kuua tunarudi nalo nyumbani ndani ya koti.

Halafu mtu aliye karibu na dirisha, mwenye miaka mitano hapa, mpole, sijawahi kumsikia akiinua sauti, akasema, "Mimi Agosti. Wiki ya kwanza zilipokuja." Na mwingine: "Mimi wiki ya likizo ya shule, nikafikiri ni mimi tu." Asger akafungua kabati la vikombe, akaandika majina yetu chini ya orodha ya keki, bila keki, tarehe tu.

Wanne pamoja na Solvej. Wanne, na kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake. Tulijaza fomu jioni ile ile, tumekaa meza moja, tunakopeshana kalamu. Jedwali la Vibeke bado lilikuwa ukutani linasema matatu.

6 Desemba

Mtu wa famasia kaja na toroli, kabeba sirinji zote za zambarau. Mpaka pampu zibadilishwe tutachanganya wenyewe. Toka kosa langu mpaka leo ni wiki kumi na moja. Toka fomu zetu mpaka toroli ni siku mbili. Vifundo vya mikono vinauma na sitalalamika.

9 Desemba

Nilipanda orofa ya tatu asubuhi ya mapumziko yangu. Familia imeshaelezwa rasmi na daktari, lakini habari yangu nilitaka Bi Hald aisikie kutoka kinywani mwangu. Nilivuta kiti nikakaa, sikugusa mto.

Bi Hald alinisikiliza hadi mwisho. Ana namna ya kusikiliza, kama mtu anayesoma anwani iliyoandikwa vibaya.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ungesema, mimi leo ningekuwa na figo."

"Nadhani ungekuwa nazo."

"Usidhani. Sema."

"Ungekuwa nazo."

Akatazama dirishani. Nilitamani anitukane. Mtu akitukanwa anakuwa amepewa kitu cha kushika.

"Yule msichana bado yuko kazini?" akauliza.

"Bado. Tunapigania abaki."

"Vizuri. Alinishika mkono njia nzima mpaka thieta. Wewe ulikuwa unabonyeza mashine." Akajivutia blanketi. "Sitakusamehe leo. Leo nina mashine saa tano. Nifungulie pazia kabla hujatoka."

Nikamfungulia pazia.

13 Desemba

Onyo la Solvej limefutwa. Mkataba wake umeongezwa mwaka mmoja. Aliniambia mwenyewe, mbele ya kabati la dawa, tukiwa tunasomeana namba kwa sauti, yeye akisoma na mimi nikiangalia kwa macho yangu, pua karibu iguse sirinji. Asger alisimama nyuma yetu na koti lake akisubiri zamu yake ya kuangaliwa. Saa tisa na dakika saba. Hakuna aliyekwenda nyumbani.

"Mwaka mmoja," Solvej akasema. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Soma tena ile namba ya mwisho."

Akaisoma tena.

17 Desemba

Vibeke ameniita kupokea barua yangu ya onyo. Nilikuwa naitarajia, nilivaa hata blauzi nzuri. Aliisukuma mezani na kalamu juu yake. Sentensi ni ileile: muuguzi hakuwa makini wakati wa kubadilisha dawa.

Nikaikata kwa mstari.

"Hii ni fomu, Bodil. Fomu haikatwi."

"Umakini sikukosa. Kukosea nilikosea kwa dakika mbili, kama wenzangu watatu. Onyo lenyewe nalikubali, lakini liwe la kile nilichofanya."

"Mfumo hauna sentensi nyingine."

"Basi chapisha upya, na hiyo pia nitaikata."

Akachapisha upya. Nikaikata. Tulitazamana kama tulivyokuwa tukitazamana bwenini tukigombania dirisha lifungwe au lifunguliwe. Akaondoka kwenda kwenye kompyuta kuchapisha kwa mara ya tatu, akakawia huko. Nilisikia kibodi ikigongwa, ikasimama, ikagongwa tena.

Aliporudi, karatasi ilikuwa na jina langu, tarehe, mhuri. Pale palipokuwa na sentensi hapakuwa na kitu. Alikuwa ameacha nafasi tupu, mistari miwili, na chini ya mistari, mahali pa saini ya muuguzi mkuu, ameshasaini tayari, kabla hajajua nitaandika nini.

"Andika mwenyewe," akasema, akageukia dirishani.

Niliandika kwamba tarehe 19 Septemba nilikosea kipimo na nikanyamaza kwa sababu ya kiburi, na kwamba siku thelathini na tisa baadaye kosa hilohilo lilimpata Bi Hald, mpeleka barua, na likamnyang'anya figo zake. Mistari miwili haikutosha. Nikageuza karatasi, nikaendelea upande wa pili.